Mwalimu wa Ushauri Nasaha, Pokea Shukrani

Katika shule nyingi za Tanzania hana ofisi. Ana benchi chini ya mwembe au kona ya stoo ya vitabu, na vipindi vyake vya Hisabati viko palepale. Huyu ndiye mwalimu wa ushauri nasaha, na leo nampongeza.

Nimewahi kumwona kazini. Mtoto kaletwa kwa utoro; mwalimu hakuuliza kosa. "Umekula, mwanangu?" Kimya. Akampa kipande cha chaki, akaendelea kusahihisha madaftari bila kumkodolea macho. Kengele ikalia, ikalia tena. Ndipo mtoto akaanza kusema, huku akichora mistari sakafuni. Subira ya namna hiyo haipatikani kwenye semina ya siku mbili, hata posho iwe nono.

Mzigo wenyewe ni mzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa ni wengi zaidi, na walimu wamo miongoni mwa wapigaji. Hapo pana jambo tunalolinyamazia: walimu wengi nao walilelewa kwa fimbo, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanaumwa wapi. Huyu anayewasikiliza wote, yeye anasikilizwa na nani?

Wakuu wa shule, mpunguzieni vipindi na mpeni chumba chenye mlango unaofungika. Nawe mzazi, simu ya msaada kwa mtoto ni 116. Kupiga ni bure.