Joker wa Kesho: Nani Kampa Mwisho Unaomstahili?

Watoto wengi tunaowalea huku ughaibuni wanamjua Joker kabla hawajamjua Abunuwasi. Hilo halitukeri, kwani kila nchi ina mazimwi yake. Ila ukiwasikiliza wakibishana utaona ubishi wao ni mmoja tu: Joker yupi anatisha zaidi, yule wa Heath Ledger katika filamu ya 2008 au yule wa Joaquin Phoenix katika filamu ya 2019? Sisi tunaona kuna swali zito kuliko hilo. Wapo waandishi waliothubutu kumwaza Joker wa miaka ya mbele, wakati Batman ameshazeeka na mji wa Gotham umeshabadilika. Humo ndimo tunamoona kila mmoja wao anafikiri nini juu ya uovu na namna unavyokwisha.

Kwa nini miaka ya mbele? Kwa sababu katika hadithi za kawaida Joker haruhusiwi kwisha. Alizaliwa mwaka 1940, katika toleo la kwanza kabisa la kitabu cha Batman, na waliomtunga walipanga afe humo humo. Mhariri akakataa, ikaongezwa picha moja kuonyesha kwamba bado anapumua. Tangu hapo anakamatwa, anapelekwa hospitali ya wendawazimu ya Arkham, anatoroka, anaua, anakamatwa tena. Mhandisi akiletewa mlango unaomtoa mtu yule yule, kwa namna ile ile, kwa zaidi ya miaka 80, hatasema ni bahati mbaya. Atasema mlango huo umetengenezwa ufunguke. Kitabu kinauzwa kila mwezi, na zimwi aliyekufa hauziki. Bibi zetu hawakuwa na biashara hiyo: zimwi alipasuliwa tumbo, waliomezwa wakatoka, watoto wakalala.

Kwa hiyo hadithi za miaka ya mbele ndizo zenye ruhusa ya kufunga hesabu. Tumechagua nne na kuzipanga kwa kipimo kimoja: mwisho unapofika, gharama analipa nani, na je, mwandishi anamkumbuka mlipaji huyo?

Ya nne ni Last Knight on Earth ya Scott Snyder na mchoraji Greg Capullo, iliyotoka 2019. Dunia imeharibika, na Batman anatembea jangwani akiwa amebeba kichwa cha Joker ndani ya chombo cha kioo, kichwa kizima kinachosema na kufanya mzaha njia nzima. Picha hiyo inanasa jicho, na maongezi yanachekesha kweli. Lakini tazama kilichotokea: muuaji wa watu wasiohesabika amegeuzwa msindikizaji wa safari, na anatamani awe Robin. Msomaji anaanza kumpenda. Waliouawa hawapo tena kumkumbusha, na mwandishi naye hawaiti. Maji yamemwagika, nasi tunaombwa tusifu mtungi.

Ya tatu ni The Dark Knight Returns ya Frank Miller, ya 1986. Tunajua wengi wataiweka ya kwanza, na haki yao wanayo. Batman ana miaka 55 na amestaafu kwa miaka kumi. Joker naye yumo Arkham, kimya, macho hayaoni. Siku televisheni inapotangaza kwamba Batman amerudi, tabasamu linarudi usoni mwake. Hapo Miller amesema jambo kubwa kwa picha chache: wawili hawa wanalishana, mmoja akikosekana mwingine hulala. Kisha Joker anaingia studio ya televisheni na kuua umati wa watazamaji waliokuja kumwona, na baadaye watoto wanakufa kwa peremende za sumu katika viwanja vya burudani. Mwisho wake ni wa kutisha. Batman anamvunja shingo kiasi cha kumlemaza, anashindwa kumalizia, na Joker anajizungusha mwenyewe mpaka afe, ili polisi waamini kwamba Batman ndiye muuaji.

Ni kazi ya bingwa. Kasoro yake ni kwamba Joker ameachiwa aandike mwisho wake mwenyewe, na ameondoka mshindi. Wale watoto wa peremende wanapita kama namba. Miller ametazama watu wawili tu, na mji mzima umekuwa jukwaa lao.

Ya pili ni Kingdom Come ya Mark Waid na mchoraji Alex Ross, ya 1996. Humu Joker haonekani sana. Ni kumbukumbu tu. Aliua wafanyakazi wa gazeti la Daily Planet, Lois Lane akiwa mmoja wao. Akakamatwa. Akiwa chini ya ulinzi, akipelekwa mbele ya sheria, shujaa wa kizazi kipya aitwaye Magog akamwua hadharani. Mahakama ikamwachia Magog, watu wakamshangilia. Superman, ambaye mkewe ndiye aliyeuawa, akaona hana nafasi tena katika dunia hiyo, akaondoka.

Hadithi hii inatugusa sisi kwa karibu. Nani kati yetu hajasoma katika magazeti ya nyumbani kwamba mtuhumiwa ameuawa na “wananchi wenye hasira kali”? Maneno hayo yamezoeleka hata hayashtui tena. Waid na Ross wanatuuliza: kama aliyeuawa ni Joker, ambaye hatia yake haina shaka na mlango wa Arkham hauzuii kitu, je, hapo tupige makofi? Hawajibu kwa mahubiri. Wanatuonyesha tu kwamba waliozoea kushangilia hawakujua pa kuishia. Mashujaa wapya wanapigana ovyo barabarani, hatimaye Kansas inateketea na roho za watu wengi, na Magog mwenyewe anajutia alichokianzisha. Tungeiweka ya kwanza, lakini ina pengo moja. Maumivu yote tunayaona kupitia kwa Superman. Aliyeumizwa na Joker akabaki hai hapewi nafasi ya kusema.

Nafasi hiyo ipo katika ya kwanza, filamu ya katuni Batman Beyond: Return of the Joker, iliyoongozwa na Curt Geda na kuandikwa na Paul Dini, huku Mark Hamill akimpa Joker sauti. Ilitoka 2000 ikiwa imepunguzwa ukatili, na toleo kamili likafuata 2002. Bruce Wayne ni mzee wa mkongojo, na kijana Terry McGinnis amerithi vazi lake. Joker, aliyedhaniwa kafa zamani, anarudi. Siri inafumbuka polepole: miaka mingi nyuma Joker alimteka Robin mdogo, Tim Drake, akamtesa mpaka akili ikapinda, na ni mtoto huyo aliyemwua. Wakubwa walifukia jambo hilo, lisitajwe. Tim akakua, akawa mtaalamu wa mawasiliano, akaoa na kuzaa. Kumbe Joker alipandikiza chipu shingoni mwake, na nafsi yake imekuwa ikingoja humo.

Kitaalamu chipu hiyo haikubaliki: hakuna kifaa kidogo vile cha kubeba nafsi ya mtu na kugeuza mwili wa mwingine. Lakini kama mfano wa maisha, haina kosa. Anayeteswa utotoni kisha akaambiwa anyamaze hubeba mtesi wake mwilini, akienda kazini na kurudi kwa watoto wake kama kawaida. Familia ngapi zetu zimefukia jambo la namna hiyo kwa kuogopa aibu, zikaita stara?

Na ushindi wenyewe? Terry hamzidi Joker kwa ngumi. Anampa mipasho. Anamcheka, anamwambia hajui kuchekesha, kwamba miaka yote ile alishindwa kumpata Batman acheke. Joker anapandwa na ghadhabu, kwa sababu anaweza kuvumilia kuogopwa na kuchukiwa, lakini si kudharauliwa. Abunuwasi angeielewa silaha hiyo mara moja. Baada ya hapo chipu inaharibiwa, Joker anakwisha, na Tim anabaki hai. Bruce Wayne, mzee asiyezoea kuonyesha moyo wake, anakwenda hospitali kumtazama.

Kwa mpangilio huu hatusemi Joker wa filamu hii ndiye mkali kuliko wote. Tunasema ndiye pekee ambaye, alipokwisha, mtu aliyeumizwa naye alipewa kitanda, jina na mgeni wa kumjulia hali. Wenye watoto wakubwa kidogo waitazame pamoja nao, na ubishi wa nani anatisha ukianza, wawaulize habari za Tim. Msomaji mwenye mpangilio tofauti, hasa wale wa Frank Miller, atuandikie. Ukurasa huu ni wa wote.