Njaa, Hamu, Uchu

Kiswahili hakimwelezi mtu anayetaka kula kwa neno moja. Njaa ni ya tumbo. Hamu inaweza kuwa ya pilau, ya bahari au ya mtu. Uchu ni hamu iliyopanda mpaka ikakushika. Halafu kuna ulafi na uroho, na hayo ni maneno ya hukumu: mara nyingi hutamkwa na mtu mwingine aliyekuwa akikuangalia ukila.

Maneno haya yalinijia nikisoma Intuitive Eating, kitabu cha wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch. Kilitoka mara ya kwanza 1995, na toleo la nne likatoka 2020. Kina kanuni 10, na zote zinazunguka swali moja: unajuaje kwamba una njaa, na unajuaje kwamba umeshiba, bila kuuliza ratiba, saa wala mizani? Mtandaoni kitabu hiki kimegeuzwa mara mbili. Kuna wanaokiuza kama ruhusa ya kujaza chochote tumboni, na kuna wanaokiuza kama njia mpya ya kukonda. Ukikifungua, hutapata hata moja kati ya hayo. Waandishi wanasimulia walivyowapa wateja ratiba za kula, wateja wakapungua, kisha uzito ukarudi, tena na aibu juu. Hapo ndipo walipoanza kushuku ratiba badala ya mteja.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba katazo huzaa uchu. Jiambie kuanzia Jumatatu chapati ni marufuku, halafu uone Jumapili usiku utakula ngapi. Unakula kama mtu anayeaga. Ushahidi wao mmojawapo unatoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Huko, 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea baada ya kukataa kwenda vitani, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Walivyozidi kukonda, akili zao zikahamia jikoni. Waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakachezea mlo kwenye sahani ili usiishe upesi. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuhisi kushiba. Kabla ya hapo walikuwa watu wa kawaida kabisa. Kwa hiyo ukimwona mtu amejinyima mchana kutwa kisha usiku anafagia sufuria, usikimbilie kusema hana nidhamu. Mwili wake unafanya kazi yake.

Mpaka hapo niko nao. Shida inaanza wanapoingia nyumbani kwa msomaji.

Kanuni ya tatu inataka ufanye amani na chakula. Njia wanayopendekeza ni kununua kile ulichojikataza na kukiweka nyumbani cha kutosha, kwa sababu ukijua kesho kitakuwepo, leo hutakuwa na haraka. Ushauri una mantiki, lakini unategemea kabati lililojaa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kitabu hiki kinaijua sana njaa ya kujitakia. Ile ya mfuko kinaigusa kidogo tu. Hebu upeleke ushauri huo Githurai, kwenye chumba kimoja, mwezi ule ambao Wakenya tumeubatiza Njaanuari. Mtu ameishi wiki tatu kwa chai na mkate. Mshahara unaingia, anaagiza kuku na chipsi, anakula mpaka tumbo linauma, halafu anajichukia. Je, huyu amekula kwa sababu ya hisia? Ama ni wale vijana wa Minnesota, ila hapa hakuna mtafiti wa kuandika?

Tena kuna kanuni ya nne, inayotaka uwapinge polisi wa chakula. Kwa Tribole na Resch, polisi hao ni sauti zilizokaa kichwani. Kwetu wana majina na wameketi mezani. Shangazi akikuona Desemba anapiga makofi: "Umenona! Kumbe Nairobi imekukubali!" Hiyo ni sifa. Kabla hujaketi, binamu ameshakuonyesha video ya mtu asiyekula kitu mpaka saa nane mchana. Mwili mmoja, sebule moja, hukumu mbili. Na ukikataa chakula kwa sababu umeshiba, mwenyeji anasikia kwamba umemkataa yeye.

Kusema kweli, wengi wetu tulifundishwa mapema kutolisikiliza tumbo. Shule ya bweni, kengele ndiyo ilikuambia una njaa, na kengele ikakuambia umeshiba, hata kama githeri ilikuwa bado sahanini. Nyumbani uliambiwa umalize, kuna watoto wanalala njaa. Hata methali ya wali wa kushiba kuonekana kwenye sahani, ambayo hutumiwa kusema kwamba dalili za jambo huonekana mapema, inaipima shibe kwa macho. Kumwambia mtu aliyelelewa hivi "sikiliza mwili wako" ni kama kumrudisha kwa rafiki ambaye hawajaongea miaka 20. Yataanza polepole, na kitabu kingepaswa kukiri zaidi kwamba ukimya huo haukuanzia kwa msomaji peke yake.

Hata hivyo, kuna mahali kitabu hiki kilinifanya nikiheshimu, na ni pale waandishi walipobadili wazo lao wenyewe. Katika matoleo ya awali, kanuni ya saba ilimtaka msomaji akabiliane na hisia zake bila kutumia chakula. Katika toleo la 2020, inamtaka akabiliane nazo kwa upole. Unaweza kudhani ni neno tu limebadilika. Lakini "bila kutumia chakula" ni katazo jingine, na kitabu kizima kinatuonya kuhusu makatazo. Iliwachukua miaka mingi kuona kwamba wao pia walikuwa wamemwacha polisi mmoja ndani ya nyumba.

Kwa nini upole? Jibu zuri zaidi nimelipata kwingine, katika Hunger ya Roxane Gay, iliyotoka 2017. Gay, Mmarekani mwenye wazazi kutoka Haiti, anaeleza jinsi alivyobakwa na kundi la wavulana akiwa na miaka 12, akanyamaza, akaanza kula ili mwili wake uwe mkubwa, usitamaniwe, uwe ngome. Chakula kilimlinda wakati hakuna mtu aliyejua kwamba anahitaji kulindwa, na bei yake ameendelea kuilipa. Hatoi kanuni 10 wala picha za kabla na baada. Mapema kabisa anakataa kutuahidi hadithi ya ushindi. Ukimsoma baada ya Tribole na Resch, unaona kwamba kumwambia mtu aache kula kwa huzuni, bila kuuliza huzuni hiyo imetoka wapi, ni kumnyang'anya mkongojo kabla hujamshika mkono.

Na wapo ambao kitabu hakitawatosha. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua ulaji wa kupindukia usiozuilika kama ugonjwa unaojitegemea. Anayeishi nao anahitaji daktari au mshauri wa kuongea naye, kama ambavyo mwenye kisukari hawezi kungoja kanuni ya 10 ndipo asome habari za lishe.

Basi ukisome? Ndiyo, na penseli mkononi. Anzia kanuni ya saba, kisha rudi nyuma. Ukifika kwenye lile kabati lililojaa, andika pembeni bei ya unga. Halafu saa tano usiku, ukiwa umesimama jikoni na pakiti ya biskuti, jiulize ni lipi limekuleta: njaa, hamu, uchu, ama upweke? Kama ni njaa, kula. Kama ni upweke, bado unaweza kula, hakuna atakayekushtaki. Ila angalau utajua biskuti hiyo imeitwa kufanya kazi ya nani.