Ukili Hausukwi Kimya

Huko Dimani, upande wa Kibiti, kazi ya mkeka huanzia kwenye mkindu, mti upendao penye maji. Na bonde la Rufiji halikunyimwa maji. Hukatwa ukindu mchanga usiochanua, ukaanikwa juani mpaka upauke, ukachanwa chane nyembamba. Chane nyingine huchemshwa na rangi. Mpaka hapo wimbo bado.

Wimbo huja na ukili, ule mkanda mrefu wa chane zilizosukwa. Vidole vikishaijua njia, msukaji husuka huku akitupia jicho chungu, mtoto na mpita njia. Kinywa ndicho kinachobaki bila kazi. Basi mmoja huanzisha, wenzake huitikia: mume aliyekwenda Dar es Salaam akajisahau, mke mwenza, mafuriko yaliyosomba mpunga, kiboko aliyejikaribisha shambani. Mkeka wenyewe wala hautajwi, na hilo ndilo linalonifurahisha. Nyimbo za kutwanga hutawaliwa na mchi, asiyekwenda nao hupitwa. Ukili hauna pigo. Wimbo wake unaweza kukatizwa, mtu akabisha, wakacheka, ukaendelea. Ndiyo maana naupenda kuliko wa kinuni, na wenye vinu watanisamehe.

Kushona ni shughuli nyingine, yenye kununa kidogo. Ukili uliopimwa kwa pima huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano ya mikeka, na hapo ndipo uvivu hujulikana: palipolegea pataonekana, hata rangi iwe nzuri vipi.

Wanaouita ufundi huu kijikazi cha akina mama wakumbuke mitepe, vyombo vya pwani vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari. Tanga la mtepe lilikuwa la mkeka.

Siku hizi mkeka wa plastiki ni rahisi, una maua, na mtoto akiukojolea unasuuzwa mara moja. Simlaumu mama anayeununua. Ninayemshangaa ni yule anayesimamisha gari kando ya barabara ya Kilwa, akaukunjua mkeka wa ukindu, akausifia, kisha akataka auziwe kwa bei ya ule wa plastiki. Ningekuwa mimi muuzaji, tungeanza na bei ya mgongo ulioinama mchana kutwa, ndipo tuzungumze habari ya rangi.