Ufundi wa Kuchambua Picha za Hadubini ya Elektroni

Picha ya protini iliyogandishwa, inapotoka kwenye hadubini ya elektroni, huonekana kama chenga tupu. Elektroni zinazoimulika molekuli ndizo zinazoiharibu. Hivyo hutumika chache, na umbo hubaki limezama. Ili umbo hilo lijitokeze, chembe nyingi, mara nyingi makumi au mamia ya maelfu, hulinganishwa na kujumlishwa. Picha mbovu zikipenya humo, jumla nzima hufifia. Kuamua ipi ibaki na ipi itupwe ni ufundi unaostahili heshima.

Uchambuzi huanzia kwenye barafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jacques Dubochet na wenzake, huko Heidelberg, waligandisha maji upesi mno kwa ethani ya kimiminika, yasiwahi kujipanga kuwa fuwele. Barafu hiyo angavu ndiyo inayotakiwa. Ikiwa nene huzifunika protini; ikiwa nyembamba kupita kiasi huzisukuma pembezoni mwa tundu la gridi, yaani kiwavu kinachobeba sampuli.

Kisha hutazamwa mgeuzo wa Fourier, yaani hesabu inayotenganisha maumbo mapana ya picha na yale madogo kabisa. Hapo hujitokeza pete za Thon, zilizopewa jina la Friedrich Thon, aliyezichunguza katika miaka ya 1960. Pete za duara kamili zinazofika mbali kutoka katikati ni dalili njema. Zikirefuka kama yai, lenzi haikusawazishwa vizuri. Zikifutika upande mmoja, sampuli ilisogea wakati wa kupigwa picha. Madoa makali karibu na angstromu 3.7 (angstromu ni kipimo cha urefu kinachotumika kwa atomu) hufichua barafu iliyogeuka fuwele.

Si kila kasoro huihukumu picha. Vigunduzi vya kisasa hurekodi mfululizo wa fremu, na kompyuta huzipanga upya ili kufuta msogeo. Programu pia hukadiria pete zinaaminika hadi angstromu ngapi. Hata hivyo, tarakimu nzuri haitoshi: kaboni tupu, isiyo na protini hata moja, hutoa pete safi sana. Jicho lililozoea hugundua hilo mara moja.

Jicho nalo lina hatari yake, nayo ni kuona linachokitamani. Mwaka 2013 Richard Henderson, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2017 pamoja na Dubochet na Joachim Frank, alionya kwa mfano maarufu: picha 1,000 za chenga tupu, zikilinganishwa na picha ya Einstein kisha kujumlishwa, huzaa sura ya Einstein. Ndiyo sababu data hugawanywa nusu mbili zinazochakatwa kila moja peke yake, na matokeo huaminiwa pale tu nusu hizo zinapokubaliana.

Anayejifunza kazi hii na azitazame kwanza picha ghafi, moja baada ya nyingine, kabla ya kuiachia programu uchaguzi. Ramani ya protini haiwezi kuaminika zaidi ya uangalifu uliotumika kuzichagua picha zake.