Breki za Land Rover Kuukuu Molo: Tafuta Dramu Kubwa Kabla ya Diski

Land Rover Series III ya chesisi fupi kwa kawaida ilitoka kiwandani na dramu za inchi 10 kwenye magurudumu yote manne. Gari la namna hiyo halijaisha mashambani huku Molo, likibeba viazi, majani ya ng'ombe na mikebe ya maziwa. Mwenye gari akichoka kukanyaga pedali mara mbili ndipo gari lisikie, ushauri wa kwanza atakaopewa kituoni ni huu: "Mzee, weka diski." Si ushauri mbaya. Land Rover wenyewe waliweka diski za mbele mwaka 1983 walipotoa One Ten. Lakini kwa mtu anayefanyia kazi uani kwake, na jeki na sanduku la spana tu, ipo njia rahisi zaidi, nayo imo katika ukoo wa gari lilelile.

Tuanze na joto, maana breki haina kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru ni kama mita 600 chini yake. Gari la tani 1.9 pamoja na mzigo likiteremka kimo hicho, linaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji baridi. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na upepo, matairi na injini. Inayobaki inaingia kwenye breki. Dramu ikishika moto hutanuka na kuikimbia shuu, na dereva anaona pedali inazama huku mteremko wa Sachang'wan ungali mbele. Diski haina shida hiyo: ikipata joto hunenepa kuielekea pedi. Wanaosifu diski hapo wana haki.

Sasa angalia kilichomo ndani ya dramu ya chesisi fupi. Kuna silinda moja inayosukuma shuu mbili. Shuu ya kwanza inafuata mzunguko wa dramu, kwa hiyo dramu yenyewe inaivuta na kuikaza. Ya pili inasukumwa kinyume cha mzunguko na inafanya kazi kidogo sana. Chesisi ndefu, ile ya inchi 109, ilipewa dramu za inchi 11, na mbele kila shuu ikawekewa silinda yake. Gari likienda mbele, shuu zote mbili zinavutwa na dramu. Mguu ni uleule, nguvu ya kusimamisha imepanda, na chuma cha kumeza joto kimeongezeka. Cha kufurahisha zaidi ni kwamba bamba la nyuma la breki hizo linakaa kwenye matundu yaleyale ya ekseli ya chesisi fupi. Huchomelei kitu wala hutoboi kitu.

Kazi yenyewe ni ya kufungua habu, kutoa bamba la zamani na kufunga jipya, ukibadilisha gasketi ya karatasi na oili sili ukiwa hapo hapo. Usiihurumie oili sili ya zamani. Ikivuja, oili inaingia kwenye laini za breki, na laini iliyolowa oili haina dawa. Vumbi la laini za zamani pia usilipulize kwa kompresa, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Mahali ambapo kazi hii huharibika ni kulia na kushoto. Mabamba mawili ya mbele yanafanana kwa macho, lakini kila moja lina upande wake. Ukiyabadilisha pande, shuu zote zinasukumwa kinyume cha mzunguko. Pedali inakuwa ngumu kama ilivyotarajiwa, hewa imetoka yote, hakuna panapovuja, na gari halisimami. Mtu anaweza kununua masta silinda mpya bure kabla hajagundua. Kwa hiyo kabla hujafunga habu, zungusha dramu kwa mkono kuelekea mbele na ufuatishe kila shuu: lazima mzunguko utoke upande wa silinda na kuelekea upande wa egemeo.

Silinda zikiongezeka, mafuta ya breki yanayohitajika yanaongezeka pia. Masta silinda ndogo ya chesisi fupi itakupa pedali inayokwenda mbali mno. Hapo ndipo mtu mwenye busara anapotafuta masta silinda ya mikondo miwili pamoja na busta yake, vilivyofungwa kwenye Series III za baadaye. Mkondo wa mbele ukipasuka, wa nyuma unabaki. Kwangu mimi hilo linazidi faida ya dramu kubwa, kwa sababu gari la mkondo mmoja linategemea paipu moja iliyooza isipasuke.

Busta nayo ina jambo lake na miinuko. Inasaidia mguu kwa tofauti kati ya hewa ya nje na mvuto wa injini. Hewa ya Molo ina mgandamizo pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo msaada wa busta ileile unapungua huku juu. Na anayezima injini mteremkoni ili kuokoa petroli anabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Teremka kwa gia uliyoipandia, hata kama breki ni mpya.

Mafuta ya breki yawe DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na kwa ukungu wa Molo kunyonya maji si jambo la kungoja muda mrefu. Yabadilishe kila miaka miwili. Oili ya injini isikaribie mfumo huu, kwani hufurisha mipira ya silinda.

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lizunguke na gari linaweza kuondoka na breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki.

Jaribio la mwisho watu hulisahau. Shuu za mbele zinazovutwa na dramu gari likienda mbele hupoteza faida hiyo gari likirudi nyuma, ndiyo maana nyuma kiwanda kilibakiza mpango wa silinda moja. Ajasti breki za nyuma vizuri, pakia magunia, panda kilima chenye tope, simama katikati, kisha achia gari lirudi polepole na ulishike kwa mguu. Lisiposhika, rudi kwenye ajasta za nyuma kabla hujashika barabara ya Nakuru.