"Stata Imekufa": Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu za Magari

Mjadala wa istilahi za ufundi wa magari umesimama muda mrefu mno katika mlango mmoja, nao ni mlango wa majina. Tunaulizana kifaa fulani kiitweje, neno la kigeni lipokewe au likataliwe, na likipokewa liandikwe vipi. Aghalabu hatuulizani mwananchi aseme nini kifaa hicho kinapoharibika. Makala haya yanakusudia kuhakiki sentensi moja fupi inayosikika kila mahali penye magari ya zamani ya dizeli, yaani "stata imekufa", na kuonyesha kwamba upungufu haumo katika neno la kwanza bali umo katika neno la pili.

Tuanze na la kwanza, maana halitatuchukulia muda. Stata ni mota ya umeme inayopokea nguvu kutoka kwenye betri na kuizungusha injini mpaka iwake. Kabla yake, dereva alizungusha injini kwa mkono, kwa kutumia chuma kilichopindwa, yaani hendeli. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye mota hiyo, kutokana na kazi ya mhandisi Charles Kettering. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya "yenyewe", kwa kuwa sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mkono wa mtu hauhitajiki tena. Madereva wetu wa zamani walichukua sehemu hiyo ya kwanza, wakasema "kupiga selfu". Waliofuata, ambao hawakuizoea hendeli, walichukua sehemu ya pili, wakasema "kupiga stata". Hivyo tunayo maneno mawili yaliyokatwa kutoka jina moja, kila moja na umri wake, na anayesema selfu leo hutambulikana mara moja kuwa ni mtu wa siku nyingi.

Anayetaka kutuletea la tatu, tuseme "kianzishi" au "kiwasha-injini", hakukosa sarufi. Amekosa wasikilizaji. Kianzishi chaweza kuwa cha jambo lolote lile, na fundi aliyelala chini ya gari, oili ikimdondokea kifuani, hana sababu ya kuliacha neno fupi lililo tayari mdomoni mwake. Wapo wanaohofia sura ya kigeni ya stata. Hao tungewakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 aliiita Julius Caezar, na ilipotoka upya mwaka 1969 ikawa Juliasi Kaizari. Ugeni huvuliwa kwa matumizi. Stata ilikwisha kuvuliwa zamani.

Sasa tuje kwenye kufa, na hapa yafaa tuwe na mahali mbele ya macho. Tuchukue Nyegina, katika Musoma Vijijini, mkoani Mara, nchi ya majabali makubwa, mihogo na dagaa. Gari la dizeli la zamani lenye kuendesha magurudumu yote manne, kama vile Land Rover au Toyota Land Cruiser, si chombo cha starehe katika mazingira kama hayo. Ndilo linalombeba mgonjwa usiku, na ndilo linalopita njia ikishanyeshewa. Asubuhi moja mwenye gari anageuza ufunguo na injini haizunguki. Duka la vipuri na fundi wa umeme wa magari wako mjini Musoma. Kwa hiyo kinachosafiri kwanza si gari, bali ni neno: mwenye gari anapiga simu. "Fundi, habari za kazi? Stata imekufa." Fundi, kwa kuyaamini aliyoambiwa, anatafuta stata nyingine nzima iliyokwisha kutumika, anaipakia kwenye pikipiki na kuja nayo. Akifika anakuta stata nzima kabisa, na waya wa ethi, ule unaotoka kwenye ncha hasi ya betri kwenda kwenye mwili wa injini, umeliwa na kutu. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na kama alikuwapo mgonjwa wa kupelekwa, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Mtu anaweza kusema kosa hilo ni la ufundi, si la lugha. Sisi tunaona ni la lugha kwanza. Injini ya dizeli huwaka kwa kuibana hewa hadi iive kwa joto. Injini ya Land Rover ya zamani ya dizeli, ile ya lita 2.25, huibana hewa mara 23; injini ya 1HZ ya Land Cruiser huibana mara 22.4, injini nyingi za petroli za rika hilo hazikuzidi sana mara 8 au 9. Kuishinda nguvu hiyo, stata huvuta amperi mamia kadhaa kwa mkupuo. Kutu kidogo ambayo taa hazitaijali hata kidogo inatosha kuinyima stata nguvu. Kwa sababu hiyo, katika gari la dizeli kuliko gari la petroli, kauli ya kwamba stata imekufa haina budi kutiliwa shaka, na mwenye shaka anahitaji maneno ya kuitenganisha hali moja na nyingine.

Maneno yenyewe tunayo. Husemwa "stata imechoka" pale inapozungusha injini polepole, kwa kuguna, huku taa zikififia. Neno ni zuri, ila linamshitaki asiyehusika, maana mara nyingi aliyechoka ni betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inapigwa, si haki kuilaumu stata. Ikibaki na nguvu, na hali kipimo kinaonyesha zaidi ya nusu volti kati ya ncha hasi na mwili wa injini, basi mwenye kosa ni waya wa ethi.

Husemwa pia "stata imegoma". Neno hili tungependa lihifadhiwe kwa hali moja tu: ufunguo unageuzwa, unasikika mlio mmoja, tak, na taa hazififii wala injini haisogei. Mlio huo ni solenoidi inayofanya kazi yake ya kuvuta, lakini vipande vya shaba vilivyomo ndani yake, ambavyo hupaswa kugusana ili umeme mkubwa upite, vimelika. Katika stata nyingi za Land Cruiser vipande hivyo hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Aliyesema "imegoma" angeletewa vipande viwili vya shaba. Aliyesema "imekufa" ameletewa stata nzima.

Ipo "inazunguka bure", ambayo haihitaji maelezo marefu: mota inalia kwa kasi na injini imetulia, kwa kuwa gia ndogo ya stata haishiki meno ya flaiwili, au imeyashika na yenyewe inateleza. Na ipo "imeng'ang'ania", hali ya hatari kuliko zote, ambapo injini imekwisha kuwaka na stata haijaachia. Hapo waya wa betri ufunguliwe upesi, kabla hali haijageuka "imeungua". Kuungua huko ndiko kunakokaribia kufa kweli, lakini hata hivyo mafundi hawakubali neno hilo, kwa sababu mota iliyoungua husukwa upya.

Tusimame kidogo kwenye kusuka. Hakuna kamati iliyokaa kulibuni. Mtu aliyekwisha kuona ukili ukisukwa, au nywele, aliona nyuzi za shaba zikipitishwa katika mifereji ya chuma, akatumia neno alilokuwa nalo. Leo kila fundi wa mota analielewa, na halimchanganyi na msusi. Kwa hiyo wanaodai kwamba kugoma ni tamathali ya semi tu, na kwamba ni neno la wafanyakazi, watueleze kusuka kulipataje kuwa istilahi.

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu, ambavyo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuvitoa katika miaka ya 1970, vilifanya kazi kubwa na ya lazima, na hatuandiki haya ili kuvibeza. Lakini orodha inayopanga neno la kigeni upande mmoja na la kwetu upande wa pili huvuna nomino na kuviacha vitenzi shambani. Huwezi kuipata "kugoma" katika mpango huo, kwa kuwa hakuna anayeanza na neno moja la Kiingereza lenye maana ya kutoa mlio mmoja na kunyamaza. Tungependekeza orodha ijayo ya istilahi za magari iandikwe kwa namna nyingine, kwa mfano: stata (i-/zi-), hupigwa, huchoka, hugoma, huzunguka bure, hung'ang'ania, huungua, husukwa. Mstari mmoja kama huo, ukibandikwa ukutani katika gereji na ukifundishwa kwa madereva, unatosha kwa mazungumzo ya simu kati ya Nyegina na Musoma.

Mwenye gari aongeze na volti, kwa kuwa yako magari ya dizeli ya volti 12 na mengine ya volti 24. Linabaki jambo dogo la vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya stata. Wengine huviita brashi, wengine kaboni. Sisi tunaelekea kwenye kaboni, kwa kuwa havina nywele wala havipigi mswaki chochote, na mtoto akitumwa brashi dukani atarudi na ya rangi.