Kazi Isiyo Kazi: Istilahi za Viza ya Ziara kwa Watu wa Dini

Miongoni mwa nyaraka zinazowafikia wafasiri wetu ni barua za mwaliko na vyeti vya utambulisho vya mapadri, wachungaji, masheikh na watawa wanaoalikwa kwenda Uingereza kwa majuma machache ili kuhubiri, kutoa mihadhara au kufungisha ndoa. Ni nyaraka fupi, na kwa sababu ya ufupi wake hudhaniwa kuwa ni nyepesi. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi zinazotumika humo, na kuonyesha kwamba baadhi yake humfanya msafiri mkweli aonekane kuwa anakwenda kutenda jambo ambalo sheria inamkataza.

Kabla ya kuhukumu maneno, hapana budi tuielewe sheria yenyewe. Uingereza imeweka njia tatu kwa watu wa dini watokao nje. Ya kwanza ni ya mtu anayekwenda kwa ziara ya kawaida, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6. Kanuni zinamruhusu mtu wa dini wa namna hii kuhubiri na kuwahudumia waumini kiroho, madhali kituo chake cha kudumu kimebaki nje ya Uingereza, hakushika wadhifa huko, wala halipwi ujira. Anaweza kulipiwa gharama za kiasi za nauli na za kujikimu. Njia ya pili ni ya muda usiozidi miezi 24, na ya tatu ni ya kiongozi wa ibada anayekwenda kushika wadhifa kwa miaka kadhaa. Zote mbili zinadai mdhamini aliyeidhinishwa. Mwezi Januari 2019 mpaka baina ya njia hizi mbili za mwisho ulikazwa: anayekwenda kuongoza waumini katika ibada sharti apite njia ya tatu na athibitishe kwamba anakijua Kiingereza. Mabadiliko hayo yaliziletea taabu parokia za Kikatoliki zilizokuwa na desturi ya kualika mapadri kutoka ng'ambo ili washike nafasi za mapadri wenyeji walio likizoni wakati wa kiangazi.

Ni dhahiri, basi, kwamba sheria imechora mipaka miwili: mpaka baina ya ziara na ajira, na mpaka baina ya mhudumu na kiongozi. Istilahi yoyote isiyoionyesha mipaka hiyo, hata ikiwa tamu masikioni, haifai.

Tuanze na jina la hati yenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba "viza" ni neno baya kwa kuwa tayari tunalo "yai viza", yaani yai lililoharibika, na tunacho kitenzi "kuviza", yaani kudumaza. Wengine huandika "visa", wakasahau kwamba huo ni wingi wa "kisa". Sisi tunaona kwamba ubishi huu umekwisha. Watu wamekwisha kulikubali neno "viza", na ngeli yake inalikinga: tunasema "viza yangu imetoka", hali tunasema "visa vyangu vimekwisha". Kosa lililo kubwa zaidi ni kuita viza "kibali cha ukaazi". Kibali cha ukaazi humpa mgeni haki ya kukaa nchini kwa muda na kwa shughuli iliyotajwa. Viza ya ziara haimpi mtu makazi. Mfasiri anayeyachanganya maneno haya mawili huandika kwamba mhubiri wa majuma matatu anakwenda kuhamia.

Neno la pili ni "mgeni". Kwa Kiswahili mgeni ni yule tunayemkaribisha nyumbani, ni yule tusiyemjua, na katika lugha ya uhamiaji ni kila mtu asiye raia. Maana ya tatu ndiyo inayoharibu: padri wa ziara na padri aliyeajiriwa kwa miaka mitatu wote ni wageni. "Viza ya matembezi" nayo inanukia starehe, kana kwamba msafiri anakwenda kupunga upepo. Neno "ziara" linafaa zaidi. Kiongozi wa nchi anapofanya ziara ya mkoa huhutubia, hukagua na huweka mawe ya msingi, kisha hurudi kituoni kwake. Hakuna asemaye kwamba amehamia mkoa huo. Hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa: kwenda, kutenda jambo maalumu, na kurejea.

Hapa sasa tunafikia kiini cha hoja yetu, nacho ni neno "kazi". Kiingereza cha kanuni hizi humwita msafiri wetu kwa jina ambalo wafasiri wengi hulifasiri "mfanyakazi wa dini". Kanuni zilezile zinamwambia kwamba akiwa ziarani haruhusiwi kufanya kazi. Matokeo yake ni sentensi ya ajabu: mfanyakazi anaruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba asifanye kazi. Mkanganyiko huu umo katika Kiingereza chenyewe, lakini hatulazimiki kuurithi.

Hatari huwa kubwa zaidi tafsiri inapotoka kwetu kwenda kwao. Katika makanisa yetu ni kawaida kuandika kwamba mchungaji "anakwenda kufanya kazi ya Mungu" na kwamba yeye ni "mtumishi wetu". Kila Mkristo anaelewa. Lakini mtumishi katika ofisi za serikali ni mwajiriwa, na kazi ni kazi. Sentensi hiyo ikifasiriwa neno kwa neno, ofisa wa viza husoma kwamba mwombaji anakwenda kuajiriwa. Vivyo hivyo neno "posho". Kwa mmoja ni fedha za chakula na malazi. Kwa mwingine ni malipo ya juu ya mshahara. La kwanza linaruhusiwa na la pili linakatazwa, nasi tunayaita kwa jina moja.

Yamkini msomaji atauliza: je, mfasiri ana ruhusa ya kurekebisha barua ya askofu? Hana. Uingereza inataka kila hati isiyoandikwa kwa Kiingereza au Kiwelshi iambatanishwe na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe usahihi wake kwa jina, sahihi na tarehe. Akipamba, ameshuhudia uongo. Akifasiri neno kwa neno huku akijua kwamba maana imepotea, hakuufikia ukweli pia. Njia iliyonyooka ni kuirudisha barua kwa mwandishi kabla ya kutia sahihi, na kumwomba aeleze: atahubiri wapi, siku ngapi, nani atalipa nauli, na je, atapewa ujira wowote? Ikiwa upo ujira, hakuna istilahi itakayoufanya uwe nauli.

Jambo hili halihusu wasafiri wetu peke yao. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini Tanzania, na wamisionari wanaokuja kwetu huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C. Istilahi tutakazozikubali kwa ajili ya barua za kwenda Uingereza ndizo zitakazotumika pia katika sheria zetu wenyewe. Hatuna budi kuzichagua kwa makini.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Viza ya ziara: itumike badala ya "viza ya mgeni" na "viza ya matembezi", na idadi ya siku itajwe daima, kwa kuwa "muda mfupi" hauna kipimo.

(b) Mhudumu wa dini: litumike badala ya "mfanyakazi wa dini". Tunajua kwamba mhudumu yupo pia hotelini na hospitalini, lakini neno hili halilazimishi maana ya ajira, na linamfaa sheikh, mtawa na mchungaji kwa usawa.

(c) Kiongozi wa ibada: litumike kwa yule wa njia ya tatu. Neno la Kiingereza linalomtaja ni lilelile linalomtaja waziri, na mfasiri mwenye haraka anaweza kuunda "waziri wa dini" asiyekuwapo popote.

(d) Malezi ya kiroho: yatumike badala ya "huduma za kichungaji", ambazo humtenga Mwislamu na Mhindu.

(e) Gharama za nauli na kujikimu: zitajwe hivyo, na neno "posho" liachwe katika nyaraka za viza.

Walimu wa tafsiri wanaweza kuyajaribu mapendekezo haya madarasani kwa barua halisi zilizofutwa majina. Watakaoona upungufu, hasa katika (b), watuandikie na kutaja neno wanaloliona bora, pamoja na sentensi ya kanuni ambamo neno hilo linakaa vizuri kuliko letu.